Mwanafunzi wa Dada Anastasia

Ukitaka kujua kama Marietha ana kosa, huna haja ya kumuuliza, msikilize tu. Siku za kawaida aliwatania wote waliopita mbele ya banda lake la kuku pale Singida mjini, kuanzia wasukuma mikokoteni hadi katekista. Siku akiwa na neno moyoni alinyamaza na kuchukua ufagio. Wiki ile alifagia mpaka Kamran, jirani yake wa duka la vyakula vya mifugo, akatoka mlangoni na kuuliza:

"Dada Marietha, unatafuta petroli huko chini? Ukiipata tugawane, uwanja ni wetu sote."

Marietha hakujibu. Kamran akarudi ndani taratibu, kwa sababu tangu wafahamiane hakuwahi kumwona mama huyu akipigwa utani bila kurudisha.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye meza ya Kamran huyohuyo, miezi miwili nyuma.

Marietha alikusanya kuku wa kienyeji kutoka vijijini na kuwasafirisha kwa wenye hoteli na baa za Dodoma na Dar es Salaam. Zamani wateja walipiga simu. Siku hizi wanaandika. Wanaandika alfajiri, wanaandika wakiwa msalani, wanatuma picha ya kuku waliyemla kwa watu na kuuliza, "Mnao kama huyu?" Na simu ya biashara ilikaa kwa dada Anastasia, mama wa miaka sitini na miwili, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, ambaye aliuona ujumbe wa maandishi kama dharau. "Mtu mwenye shida ya kweli anapiga," alisema, na kwake mjadala ukawa umefungwa. Marietha alijaribu kumsaidia. Alimwekea kwenye simu majibu yaliyokwisha kuandikwa, ya kubonyeza mara moja tu: karibu, kuku wapo, samahani, wameisha, tunahitaji kuku, bei nzuri. Anastasia aliyaogopa majibu yale kama mtu anavyoogopa waya uliovuliwa ganda. Ujumbe ukarundikana. Hoteli moja ya Dodoma iliandika mara tatu, ikakosa jibu, ikahama.

"Chukua msaidizi wa mtandaoni," Kamran alimwambia siku hiyo, akimsogezea kikombe cha chai ya maziwa. "Mimi ninaye, yuko Mwanza. Anajibu wateja, anapanga oda, anawasumbua wenye malori. Hajawahi kukanyaga dukani kwangu."

"Yaani unamlipa mtu usiyemwona, yuko mbali, na unaamini kwamba anafanya kazi?"

"Ndiyo."

"Mimi nilishakuwa na mume wa namna hiyo, Kamran. Mimi Shelui, yeye Nzega. Kazi aliyokuwa akiifanya huko mpaka leo wanamwita baba."

Kamran alicheka hadi akaweka kikombe chini. Lakini neno lilikuwa limeshamwingia Marietha, likakaa.

Tatizo lilikuwa moja. Banda lile lisingeweza kulipa watu wawili. Kumchukua wa mtandaoni maana yake ni kumrudisha Anastasia nyumbani, na Anastasia hakuwa mtu wa kurudishwa nyumbani hivihivi.

Miaka kumi na moja iliyopita Marietha alishuka Singida akitokea Shelui, alikokuwa akiwauzia madereva wa malori mahindi ya kuchemsha. Alishuka na tenga moja, kuku wawili, na jicho lililovimba ambalo alilieleza kila mtu kwa namna tofauti. Alikwenda Kinyangiri kutafuta kuku, akazunguka siku mbili, akina mama wakamwambia hawana, huku kuku wakipita katikati ya miguu yao. Anastasia, mzaliwa wa kule, ndiye aliyemwonea huruma. Alimshika mkono, akamwingiza nyumba ya kwanza, ya pili, ya thelathini, na kila mlangoni alisema, "Huyu ni mdogo wangu." Hawakuwa na undugu wowote, mmoja Mnyiramba na mwingine Mnyaturu wa upande wa Mgori. Lakini lilisemwa, na watu wakalipokea. Mwaka Marietha alipolazwa na kifua miezi minne, huyo dada wa kusemwa ndiye aliyeshika banda, na aliporudi alikuta matenga yameongezeka.

Kulikuwa pia na namna ya Anastasia ya kufanya kazi. Kule vijijini kuku ni wa mama, lakini simu ni ya baba. Ukimpigia baba ukamtajia kuku na bei, atawakamata yeye, atawauza yeye, na fedha haitafika nyumbani ikiwa na miguu yote miwili. Mama atakuja kutoka shambani akute uwanja mweupe, na jina lako halitatajwa tena kwenye ule ukoo. Kwa hiyo Anastasia alipiga simu hivi:

"Antipasi! Hujambo baba. Ng'ombe wazima? Na yule aliyevunjika pembe? Ameanza kula? Mshukuru Mungu. Na mgongo wako? Haya baba, hebu nipe huyo mwenzio nimsalimie."

Simu ikahamia kwa Janeth, mke wa Antipasi, na Janeth akasogea nayo hadi nyuma ya jiko. Huko ndiko biashara ilikofanyika, kwa sauti ya chini. Kuku walikuja mjini kwa tenga, na fedha ikarudi kwa tenga hilohilo, imefungwa kwenye kitambaa chini ya nyasi. Waume walijua? Labda. Lakini hawakuulizwa, na asiyeulizwa hana pa kukatalia.

"Dada," Marietha alimtania miaka yote hiyo, "ukimaliza kuwaulizia ng'ombe, usiwasahau kupe."

"Kupe nitakuachia wewe bosi, mnafanana kazi," Anastasia alimjibu.

Msichana aliyepatikana aliitwa Eliana. Alikuwa na miaka ishirini na minne, alikaa Iringa, na katika dakika ishirini za mazungumzo alikuwa ameshamwandikia Marietha orodha ya wateja wote waliosahaulika. Marietha alimpenda palepale, na kupenda kwenyewe kukamuuma.

"Madam, kazi naiweza," Eliana alisema. "Ila nitahitaji kuelekezwa. Huyo mama anayeifanya sasa atakubali?"

"Atakubali. Anastaafu mwenyewe, umri umeenda," Marietha alisema. Ulikuwa uongo wa kwanza, nao ulitoka laini kama siagi ya juani.

Wa pili ulitoka kesho yake asubuhi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba bosi. Umeamka na sura ya mtu anayetaka kukopa."

"Nakopa sauti yako tu. Kuna mwanafunzi wa chuo huko Iringa, anaandika habari za biashara ya kuku wa kienyeji. Anaomba aongee na wewe kila siku saa tisa, wiki mbili hivi."

Anastasia alivua miwani. "Na mimi?"

"Na wewe."

"Chuo kizima kinataka kunisikia mimi, niliyeishia darasa la nne?"

"Ndivyo walivyosema."

Kesho yake saa tisa kasoro robo Anastasia aliingia bandani amevaa kitenge cha harusi ya mwanawe Paschal, amejipaka mafuta hadi viwiko vinang'aa. Alikuwa anakwenda kuongea kwenye simu. Alikaa kwenye benchi, akanyoosha mgongo, akaweka simu mbele yake kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Marietha aligeukia ukutani, akacheka ndani kwa ndani mpaka mabega yakatikisika. Kisha akamsikia yule mama akisema, "Haya mwanangu, andika. La kwanza, kuku haanzi na kuku, anaanza na salamu." Kicheko kikamkauka.

Wiki mbili Anastasia alifundisha. Alieleza kondakta yupi huwaacha kuku juani, mteja yupi akisema majogoo anamaanisha majogoo na yupi anamaanisha chochote chenye mabawa, na jinsi ya kutambua mtu anayesema "wapo" wakati hawapo. Alisema mambo ambayo Marietha mwenyewe hakuwahi kuambiwa, pengine kwa kuwa hakuwahi kuuliza. Eliana alimwita mama. Siku ya mwisho Anastasia alinunua asali ya Mgori, akaifunga kwa karatasi tatu na kuipeleka stendi mwenyewe. "Mtoto anasoma kwa shida yule, nimesikia kwenye sauti. Akinywea na uji, kifua kitafunguka."

Marietha alitaka kulipia asali ile. Alikataliwa.

Bado hakuwa ameamua, au ndivyo alivyojiambia. Alisema atamjaribu Eliana kwanza, halafu ataamua. Nafasi ikaja Jumamosi, Anastasia alipokwenda Shelui kumwona binti yake aliyejifungua. Aliacha simu ya biashara mezani, ameifuta vizuri kwa kanga. Saa nne ikaingia oda: hoteli ileile ya Dodoma iliyohama ilikuwa na harusi mbili, na muuzaji iliyehamia kwake alikuwa ameiangusha. Kuku mia na ishirini ifikapo Jumatano. Wakipatikana, hoteli inarudi moja kwa moja.

Eliana, kwa msaada wa Marietha, alikuwa ameshaiunganisha simu ile na kompyuta yake. Alipiga kuuliza.

"Madam, mama Anastasia alinifundisha nianze na ng'ombe. Nimpigie kila mmoja?"

"Namba zote hizo? Utaulizia ng'ombe mpaka Pasaka. Andika ujumbe mmoja, tuma kwa wote. Tunahitaji kuku, bei nzuri, anayewahi analipwa papo hapo."

"Na wale akina mama? Alisema simu hazikai kwao."

Marietha alikuwa na soda mkononi. Alijua. Tusimfiche, alijua vizuri kama anavyojua jina lake. Lakini alikuwa anaiona Dodoma, anaona oda za mwaka mzima.

"Watasikia kwa waume zao," alisema. "Tuma."

Jumatatu asubuhi waume walikuja. Wa kwanza alikuwa Antipasi, kwa pikipiki ya kukodi, kuku wananing'inia kwenye usukani kama mafungu ya vitunguu, naye amechangamka kama bwana harusi.

"Shemeji! Leo mmetukumbuka na sisi wanaume!" alisema. "Nimeona ujumbe wa Anastasia, nikasema hapa hapa, silazi damu."

"Janeth anajua?"

"Janeth yuko kwenye alizeti huko. Mwanamke aache shamba kwa ajili ya kuku?"

Marietha aliwapokea mmoja mmoja. Alipomshika tetea mmoja mwekundu, vidole vyake vikasimama. Tumbo la kuku yule lilikuwa uchi, halina unyoya, na lilikuwa la moto. Mfanyabiashara wa kuku haulizi hiyo ni nini. Huyo ameondolewa kwenye mayai anayoyaatamia, tena si jana wala juzi ameanza. Marietha alimtazama Antipasi. Nyuma yake pikipiki nyingine mbili zilikuwa zinaingia.

Akamtia kwenye tenga, akalipa, akaita anayefuata.

Hadi jioni oda ilikuwa imejaa na kuzidi. Eliana aliandika: "Madam, tumeweza!" na picha ya mikono inayopiga makofi. Marietha aliitazama mikono ile, akachukua ufagio.

Jumanne Anastasia alirudi na maneno mengi ya mjukuu mpya, ana pua ya nani na masikio ya nani. Hakuyamaliza. Simu iliita, akapokea kwa furaha, "Janeth, mwanangu!" Marietha, akiwa hatua tano pembeni, aliisikia sauti ya Janeth bila kuyasikia maneno yote. Kumi na moja, alisikia. Mayai kumi na moja. Zilibaki siku tatu. Na ada ya mtoto nilikuwa nimeiweka kwa hao kuku. Na wewe, Anastasia, wewe.

Simu ikakatwa, ikaita tena, mama mwingine. Halafu mwingine. Wa nne hakutukana, alilia tu, na huyo ndiye aliyemfanya Anastasia akae chini.

Alimwita Kamran amsomee ujumbe uliotumwa Jumamosi. Kamran alisoma, macho yakaenda kwa Marietha, yakarudi kwenye simu. Anastasia alisikiliza hadi mwisho, kisha akaisogeza simu ile mbali naye kwa kidole kimoja.

"Ni yale majibu ya kubonyeza," alisema. "Jumamosi kabla sijaondoka niliifuta kwa kanga. Nimebonyeza. Ee Mungu wangu, nimebonyeza." Akamgeukia Marietha, mikono ameikunja pamoja, mtu mzima yule, mbele ya mdogo wake. "Mdogo wangu, nisamehe. Nimekuharibia nyumba zote."

Hapo palikuwa na mlango, uko wazi kabisa, na Marietha alikuwa amesimama kizingitini. Kinywa chake, ambacho maisha yake yote kilijibu kabla hajafikiri, kilijibu.

"Usijali dada. Hutokea."

Kamran alitoka nje.

Baadaye mchana alimfuata nyuma ya banda, akamsema kwa sauti ndogo. "Si mimi niliyekwambia uchukue msaidizi? Nilikwambia. Sikukwambia umvike huyu mama kosa lako. Lakini haya, umepata ulichotaka. Ataondoka mwenyewe, na mikono yako safi."

"Mikono yangu inanuka kuku, Kamran."

"Ningefurahi ingekuwa kuku tu."

Jumatano kuku walipopakiwa, Anastasia alisimama kwenye mlango wa banda na kumshika kila mmoja tumboni. Wenye joto na walio uchi aliwaweka kando. Waliokuwa wakitaga aliwaweka kando pia. Marietha hakubisha. Dodoma ilipelekewa pungufu, nayo ililalamika, kwa maandishi.

Alhamisi asubuhi Anastasia aliingia akiwa na kikapu chake kidogo, kile alichowekea miwani, sabuni na kitambaa cha kufutia benchi. Vitu vyote vilikuwa ndani.

"Shikamoo dada," Marietha alisema, ufagio mkononi.

"Marahaba. Weka huo ufagio, utachimba kaburi." Akakaa. "Nimefikiri. Mimi nimezeeka, mdogo wangu. Simu za siku hizi zinataka macho, na mimi macho sina. Nitakwenda Kinyangiri niwaombe radhi, nyumba kwa nyumba, kisha nipumzike. Lakini sitakuacha hivihivi."

"Dada, subiri..."

"Nimalize. Yule mwanafunzi wangu wa Iringa, Eliana. Yule mtoto ana akili, na ana adabu. Kila nilichomwambia alikirudia vizuri kuliko nilivyokisema. Akimaliza chuo mwombe, hata kama yuko mbali, nasikia siku hizi wanafanya hivyo. Mwambie mama yake amemwombea hiyo kazi."

Kila alichokitaka kilikuwa kimeletwa hadi miguuni pake, kimefungwa kwa karatasi tatu kama ile asali. Hakuhitaji hata kusema ndiyo. Alihitaji kunyamaza tu, dakika moja zaidi.

"Si mwanafunzi," alisema.

"Nani?"

"Eliana. Hasomi chuo chochote. Ni mfanyakazi, nilimtafuta achukue nafasi yako. Nilikudanganya ili umfundishe. Yeye nilimwambia unastaafu." Akaulaza ufagio chini. "Na ule ujumbe hukuubonyeza wewe. Nilimwambia yeye atume. Alinikumbusha habari za akina mama, nikamwambia tuma hivyohivyo."

Kuku mmoja alipaza sauti bandani, wengine wakamwitikia, wakanyamaza. Anastasia alikuwa anatazama kikapu chake.

"Siku ile ya kwanza," alisema mwishowe. "Nilipokuja na kitenge cha harusi. Ulicheka?"

Marietha angeweza kudanganya hapo pia.

"Nilicheka."

"Nilidhani unakohoa." Akanyanyuka. "Basi. Azima gari la Kamran. Hawa kuku wanarudi kwao leo, na mdomo utakaosema ni wako. Mimi nitakaa kwenye gari."

Kamran alitoa ufunguo wa pikapu bila kuuliza sababu. Alisema tu, "Gia ya pili inagoma, isemeshe vizuri," halafu akakumbuka si siku ya utani, akafunga mdomo.

Njia nzima Marietha aliyezoea kumtania hata maiti, kama walivyosema watu, alitafuta neno hata moja la kuanzia, akakuta mfuko mtupu. Walipofika kwa Janeth, Antipasi alikuwa zizini. Aliwaona, akainama nyuma ya ndama kana kwamba ndama yule ana ukubwa wa kumficha. Janeth alitoka jikoni, unga mikononi, akasimama.

Marietha alimtoa tetea mwekundu kwenye tenga, akamkumbatia kifuani, akatembea ule uwanja. Akayasema yote kama alivyoyasema bandani, ila safari hii aliyasema amesimama juani, na mlango wa pili majirani walikuwa wameshatoka. Hakusema kompyuta wala Iringa. Alisema, "Nilijua kuku ni wako. Nikaagiza wakamatwe."

Janeth alimpokea kuku, akampapasa tumboni.

"Mayai tumewapa mbwa," alisema. "Yalikuwa na vifaranga ndani, wameota manyoya."

"Nisamehe."

"Anastasia yuko wapi?"

Marietha alionyesha gari. Janeth akampita, bega lake karibu limguse, akaenda dirishani. Marietha aliwaona wakiongea Kinyiramba, lugha ambayo kwa miaka kumi na moja alijifunza salamu zake tu. Alisikia jina lake likitajwa mara mbili. Mara ya pili Janeth alifungua mlango wa gari, akamshika Anastasia mkono kumsaidia kushuka, na kikapu akakibeba yeye.

"Nyumba zilizobaki nitakwenda na wewe," Anastasia alimwambia Marietha, "maana peke yako watakufungulia mbwa. Lakini jioni nitalala hapa. Na kesho pia."

"Nije kukuchukua lini?"

"Usije." Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomuumiza Marietha zaidi. "Nimeongea na Janeth. Kuku wa hawa akina mama nitawakusanya mimi, hapa hapa. Ukiwataka utanipigia. Kama kuna mwingine anayelipa vizuri zaidi, nitampa yeye. Ndiyo biashara, sivyo bosi?"

Neno "bosi" halikuwa na utani ndani yake. Marietha alilisikia likianguka.

"Ndiyo, dada."

Walizunguka hadi jua likageuka. Nyumba kumi na saba. Katika nyumba ya tisa walipewa maji. Katika ya kumi na mbili mama mmoja alimchukua kuku wake na kufunga mlango bila kumtazama mtu, na Anastasia akasema, "Huyo atapoa mwakani." Marietha hakuthubutu kuuliza kama walikuwa wanamzungumzia mama yule tu.

Kabla ya kuwasha gari arudi, alimpigia Eliana. Hakuandika, alipiga. Alimweleza kwamba Anastasia hakuwa anastaafu, na kwamba yeye, Eliana, alikuwa mwanafunzi kwa siku kumi na nne bila kujua.

"Asali bado ninayo," Eliana alisema. "Nilikuwa nainywea na uji."

"Kazi bado ipo, kama utaitaka. Sasa nakuhitaji kweli, sina mtu. Kukosa mtu nimejitakia mwenyewe."

"Madam, sijui. Naihitaji hii kazi, sitakudanganya, nina mdogo wangu anayenitegemea. Lakini kwanza nipe namba ya mama Anastasia. Ile yake mwenyewe, si ya biashara. Niongee naye. Nikimaliza ndiyo nitajua nikujibu nini."

Marietha alitazama kule uwanjani. Anastasia alikuwa ameketi kwenye kigoda, viatu kavua, Janeth anamwekea maji miguuni, na Antipasi hatimaye ametoka nyuma ya ndama, amesimama mbele yao mikono nyuma kama mtoto aliyeitwa ofisini. Kutoka pale garini hakusikia wanachomwambia.

"Andika," alisema kwenye simu, akaanza kumtajia namba, pole pole, tarakimu moja moja. "Na ukimpigia, msalimie vizuri. Usimwambie kwamba nimekwambia."